Heparini ya Nguruwe na Hukumu ya Dharura

Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, kwa sehemu kubwa hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Iliyotokana na ng'ombe iliondoka katika soko la Marekani miaka ya 1990 kwa hofu ya kichaa cha ng'ombe. Muislamu anayelazwa kwa donge la damu mguuni hukabiliwa, basi, na suala la fikihi.

Wanazuoni hulijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni istihala: najisi ikigeuka dhati yake, hukumu nayo hugeuka. Wahanafi huipanua, Washafii, walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, huibana kwenye mambo machache, kama mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Na kwa kweli heparini ya kawaida husafishwa tu, haigeuzwi, hivyo hoja hii haina nguvu inayodhaniwa.

Ya pili ni dharura, yenye msingi katika Suratul Baqara, aya ya 173, inayomwondolea dhambi aliyelazimika. Washafii huruhusu kujitibu kwa najisi isiyo kileo pale dawa tohara inapokosekana, kwa kauli ya tabibu mwaminifu.

Lakini lini imekosekana? Fondaparinaksi huundwa maabara bila mnyama yeyote. Ipo pia warfarini, na vidonge vipya kama rivaroksabani. Kwa orodha ya dawa, badala ipo. Kwa mwili wa mgonjwa, huenda haipo. Fondaparinaksi hutolewa na figo: zikichoka sana hulundikana, na mgonjwa akavuja damu, ilhali heparini ya kawaida haizitegemei figo kiasi hicho. Mjamzito mwenye vali bandia ya kimakanika, baada ya homa ya rumatiki kumharibu moyo, yuko pabaya zaidi. Warfarini yaweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Vidonge vipya havifai kwa vali hiyo. Heparini haivuki kondo la nyuma.

Kipimo cha figo, basi, ni sehemu ya hoja ya mufti. Figo zikipona, au mama akijifungua, ruhusa hupimwa upya.

Bei nayo imo. Kwa Washafii, maji ya udhu yanayouzwa kuzidi thamani yake huhesabiwa hayapo, na mtu hutayamamu. Kwa mlinganisho huo, fondaparinaksi isiyonunulika nayo haipo.