Unaihukumu Filamu au Mwenzio?

Miaka ya 1990 nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, zilikodi kanda za Kihindi. Zilipoingia diski ikaja Baghban, ya mwaka 2003: Amitabh Bachchan na Hema Malini, wazazi wazee, wanatenganishwa, baba kwa mwana huyu, mama kwa yule. Mke anafuta machozi, asema: "Huyo ndiye mume! Hamsahau mkewe." Mume kimya, chai yapoa.

Je, ni haki kumpigia mwenzako mafumbo kwa mdomo wa Bachchan? Naona si uongo, bali ni woga, na woga huo una aliyeulea. Basi bwana, usijibu kwamba ni mchezo tu. Zima televisheni, umwulize: "Mama watoto, ni lini nilikusahau?"