Je, Ni Aibu Mzee Kufundishwa Kazi na Kijana?

Twaulizwa mara nyingi neno hili: Mtu mzima aliyepoteza kazi, mwenye mke na watoto, je, yafaa awe tena mwanagenzi chini ya fundi aliye mdogo kwake? Wengine wasema ni aibu. Basi na tulipime.

Twajua ya kuwa kazi yaweza kuondoka pasipo kosa la mfanyakazi. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa mkonge zaidi ya tani 200,000. Lakini kamba za plastiki zilishika soko la dunia, bei ikaanguka, na mwisho wa miaka ya 1990 hazikupatikana hata tani 30,000 kwa mwaka. Wakataji wengi wakatawanyika. Mikono yao haikupungua nguvu. Ni soko lililowaacha. Wahenga walinena, Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hata Akila na Prisila walitolewa Roma kwa amri ya Klaudio, wakaishi Korintho kwa kushona hema. Naye Paulo, mwenye elimu kuu, alifanya kazi pamoja nao, wala hakuona haya. Basi mtu aonaye haya kuuliza jinsi ya kushika randa, asione haya watoto wake wakilala njaa, ameipindua heshima.

Lakini hukumu haimwangukii mwanagenzi peke yake. Wako mafundi wamfanyao mtumishi wa bure: mwaka mzima afagia vumbi na kuchota maji, asiguse msumeno. Huko si kufundisha, ni kumwibia mtu siku zake, naye hana nyingi. Fundi Mkristo na apatane naye mbele ya mashahidi juu ya muda, mafunzo na posho. Tena amwite Baba, kama umri wake ustahilivyo. Akiisha kuujua ufundi, na apelekwe VETA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya 1994, ambayo hupima na kuthibitisha hata ujuzi uliopatikana kazini.

Na sisi usharika je? Mwanagenzi ahitaji kula leo, na ujira wake uko mbali. Hapo katikati ndipo wengi huvunjika moyo. Tukimwombea Jumapili, na Jumatatu nyumba yake haina unga nasi twajua, tumeomba nusu. Wazee wa kanisa na wamtazame hata amalize. Kisha naye, akiwa fundi, amshike mkono mwingine.