Dada wa Kishushe, Punguza Makopo

Mwaga kitandani kila kilichomo kwenye mkoba wako wa vipodozi. Krimu ya mchana, krimu ya usiku, sabuni ya kung'arisha, seramu uliyoagiza Nairobi, faundesheni isiyolingana na rangi yako, poda tatu, wanja uliokauka. Sasa jiulize ni kipi hapo ambacho ngozi yako itakililia ukikiacha leo. Nakwambia bila kusita: ni viwili au vitatu. Vingine vinakula pesa zako, muda wako na maji yako, na maji ya Kishushe si ya kuchezea.

Nasema nawe unayeishi huku nyikani, chini ya vilima vya Taita, ambako jua huanza kuchoma mapema na upepo hupeperusha vumbi jekundu hadi ndani ya sahani. Nasema nawe pia wa Voi mjini, unayefungua duka asubuhi na kulifunga giza likishaingia. Ule utaratibu wa hatua 10 unaosifiwa mitandaoni kuwa wa Kikorea haukutungwa kwa ajili ya mtu anayepanga foleni na jerikeni. Kuna povu la kwanza, kuna povu la pili, na kila moja linataka kusuuzwa. Anayekuonyesha amesimama mbele ya mfereji usiokauka. Wewe una mtungi wa lita 20, nao unasubiriwa na sufuria, vyombo na watoto. Usikubali mtu akufanye ujione umepitwa na wakati kwa sababu huna sinki.

Unachohitaji ni hiki. Jioni, nawa uso kwa sabuni laini isiyo na manukato makali. Kikombe cha maji kinatosha kuondoa jasho na vumbi la kutwa. Asubuhi, kwa walio wengi, maji matupu yanatosha. Kisha jipake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapo wengi tunapapuuza. Mafuta ya mgando hayatii maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyomo yasipotee hewani. Ukingoja ukauke kabisa kisha ndipo ujipake, kazi yake umeipunguza kwa mkono wako mwenyewe. Mkemia Robert Chesebrough aliyapatia mafuta hayo hataza nchini Marekani mwaka 1872, akayaita Vaseline, na hadi leo kwa kazi hiyo moja yanazishinda krimu nyingi za bei ghali. Mama zetu waliotupaka hadi magoti yakang'aa kabla ya kutupeleka shule walijua walichokuwa wakifanya. Mwenye chunusi achukue losheni nyepesi kwa uso, mafuta mazito ayaache kwa mikono na miguu.

Cha tatu ni kujikinga na jua. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, nayo ni neema kubwa, lakini si ukuta. Alama iliyoachwa na chunusi huzidi kuwa nyeusi ikipigwa na jua kila siku, na ndiyo inayowakimbiza wengi dukani kutafuta krimu ya kuifuta. Kofia pana, leso kichwani au mwavuli vitafanya kazi kubwa kabla hujatoa hata shilingi. Ukimudu, nunua krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, uipake usoni kabla ya kutoka. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, hili si suala la urembo hata kidogo. Ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiwapa waliojisajili krimu hiyo bila malipo, kwa hiyo kama una mtoto mwenye ualbino nyumbani na hujamsajili, nenda ukamsajili.

Halafu tulia. Tabaka la juu la ngozi hujijenga upya kwa muda wa takriban wiki nne, na umri ukisogea huchukua muda zaidi. Anayebadilisha krimu kila Jumatatu hajaipa ngozi yake nafasi ya kumjibu.

Sasa niseme lile linaloniuma. Katika mikoba mingi ya hapa kwetu kuna kikopo kisichotajwa mbele ya watu: mkorogo. Kimeandikwa kung'arisha, kusawazisha rangi, kuondoa madoa. Ndani mara nyingi mna zebaki, au hidrokwinoni, au dawa kali za steroidi ambazo mtu hapaswi kuzitumia bila daktari. Zebaki hupenya ngozi, huharibu figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya samawati iliyokolea, magumu mno kuondoka. Steroidi huikondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, na mwaka 2023 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zilikubaliana kwamba kufikia 2025 kusiwe na kipodozi chochote chenye zebaki. Hata hivyo vinauzwa, vingine bila kibandiko. Na fikiria huku kwetu maji ya kuogea huenda wapi. Hatuyamwagi, tunanyweshea sukuma wiki. Zebaki uliyoisuuza usoni asubuhi inaishia kwenye udongo wa mboga za watoto wako.

Rangi yako haina kosa la kusahihishwa. Mwigizaji Lupita Nyong'o alisema hadharani mwaka 2014 kwamba alipokuwa mtoto alikuwa akimwomba Mungu amwamshe akiwa mweupe. Mwaka huohuo alishinda tuzo ya Oscar, na kampuni ya vipodozi ya Lancôme ikamfanya balozi wake, akiwa na ngozi ileile aliyoiombea ibadilike. Msichana wa kidato cha pili wa Kishushe asingoje tuzo ili aamini hivyo. Aambiwe leo, na aambiwe na mama yake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Taita Taveta tunalijua kuliko wengi. Msandali, mti wetu wa porini, umekuwa ukiibwa kwenye vilima hivi kwa miaka, unang'olewa na mizizi yake kwa sababu ya mafuta yanayotengenezea manukato na vipodozi vya ng'ambo. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika orodha ya mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kilima kinabaki na shimo, mnukato unarudi katika kichupa kidogo unachokinunua kwa mshahara wa siku nzima. Kununua kidogo ni kuulinda mlima pia.

Mekapu sikukatazi. Siku ya harusi pambika, tena ipasavyo! Lakini kwa siku ya kazi, wanja na rangi moja ya mdomo vinatosha, na uso utakuwa wako. Chagua wanja wenye kibandiko kinachosomeka, maana baadhi ya wanja zinazosagwa kwa mawe huwa na madini ya risasi. Usiazimane wanja wala brashi hata na dada yako wa tumbo moja. Ugonjwa wa macho mekundu hupita humo kwa urahisi. Na usilale na mekapu usoni, hata ukichoka vipi.

Unaponunua, itafute alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Tuma ujumbe mfupi wenye SM# na nambari ya kibali iliyo chini ya alama hiyo kwenda 20023, na utajibiwa kama kibali ni halali. Muuzaji akikasirika kwa sababu unakagua, toka dukani. Ngozi yako ikishaanza kuwaka, kuchubuka au kutoa mabaka, acha kila kitu isipokuwa maji na mafuta, uende zahanati. Usiende kununua kopo la kutibu kopo.

Anzeni pamoja, kwa sababu mtu akiwa peke yake huona haya. Chama chenu kitakapokutana tena, kila mmoja aje na mkoba wake. Someni vibandiko kwa sauti, anayekijua Kiingereza awasomee wenzake. Kopo lenye zebaki lisichomwe wala kumwagwa shambani. Lifungeni vizuri kwenye mfuko, mmuulize afisa wa afya ya umma pa kulipeleka. Na pesa ambazo mngenunulia krimu mwezi ujao, ziwekeni kwenye sanduku la chama siku hiyohiyo, kabla hamjaachana.