Ile Niliyowapa Tembo

Katika usharika wetu hapa Njinjo, ibada ya sikukuu ya mavuno haiishii ndani ya kanisa. Baada ya baraka tunatoka nje, tunakaa chini ya mwembe, na mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa kuliko wote anaanza mnada: jogoo, debe la ufuta, mihogo, boga moja linaloweza kuuzwa mara tatu kwa sababu kila anayelinunua analirudisha liuzwe tena. Sisi Walutheri ni wachache huku, majirani zetu wengi ni Waislamu, na baadhi yao huja kununua pia. Ni siku ya furaha.

Miaka michache iliyopita bibi mmoja mjane alileta ungo wenye magunzi sita ya mahindi, yamebakiza punje huku na huku. Mwenye kunadi akasita. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Bibi akasema, "Baba Mchungaji, mwaka huu nimetoa shamba zima. Tembo walilimaliza usiku mmoja, haya ni makombo yao. Nauliza tu: ile niliyowapa tembo, nayo Mungu anaihesabu?"

Sikumjibu. Nilimwombea, kama tufanyavyo wachungaji tunapokosa la kusema. Swali lake nimelibeba tangu siku ile, na ninaliandika hapa kwa sababu naamini ni swali la imani, si la kilimo peke yake.

Anayetoka Njinjo kuelekea magharibi anaingia katika pori linaloendelea hadi Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka katika Pori la Akiba la Selous. Ni hifadhi kubwa kuliko zote nchini, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Hakuna serikali ya nchi maskini inayoweza kulinda eneo kama hilo kwa mfuko wake pekee, na Mwalimu Nyerere hakulificha jambo hilo. Katika tamko lake la Arusha la Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, alisema wazi kwamba wanyamapori ni amana tuliyokabidhiwa, na kwamba tutahitaji wataalamu na fedha za mataifa mengine ili kuitunza.

Fedha hizo zimekuja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Wajerumani walishirikiana na serikali yetu katika mradi mrefu wa Selous, na chini ya mradi ule hifadhi iliruhusiwa kubaki na sehemu ya mapato yake yenyewe, ili askari wapate mafuta ya gari na sare. Tembo wakaongezeka. Mradi ukafungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, utaratibu ule wa mapato nao ukadhoofika, na majangili wakaingia. Hesabu ya mwaka 1976 ilikuwa imeonyesha tembo wapatao 110,000 katika nchi hii ya Selous. Hesabu ya 2013 ilionyesha kama 13,000 tu. Mwaka 2014 UNESCO ikaiweka Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wahisani wakarudi: serikali ya Ujerumani kupitia benki yake ya KfW, na Shirika la Wanyama la Frankfurt, lile ambalo jina lake linakwenda pamoja na Profesa Grzimek wa Serengeti. Magari, ndege za doria, redio, mafunzo ya askari.

Hapa lazima tuungame. Meno yale hayakubebwa na Wachina wala watu wa Dar es Salaam kutoka porini. Yalibebwa mabegani, na mabega mengine yalikuwa ya vijana wa vijiji vya ukanda huu, waliolipwa kidogo kwa kuonyesha njia na kubeba mzigo. Wengine tuliwabariki ndoa zao. Nilikuwa mchungaji kijana wakati ule, na sikumbuki kuhubiri hata mara moja juu ya jambo hilo. Kwa hiyo anayesema tembo wangelindwa bila wageni, tukiachiwa wenyewe, namwomba atazame tena zile hesabu mbili.

Wala sikubaliani na ndugu wanaosema pori ni ardhi iliyopotea bure. Katika Ayubu sura ya 38 na 39 Mungu anamwuliza Ayubu habari za mvua inayonyesha mahali pasipo na mtu, na za punda-mwitu na mbuni wasiomfaa mwanadamu kwa lolote. Mungu anawafurahia tu. Tembo alikuwa na thamani kabla mtalii wa kwanza hajanunua tiketi.

Basi kama ni hivyo, bibi alikuwa akiuliza nini?

Alikuwa akiuliza nani mtoaji. Ukisoma habari za ushirikiano wa hifadhi, utaona upande mmoja mhisani na upande wa pili hifadhi. Mwanakijiji anatokea kama mnufaika: amechimbiwa kisima, amepewa semina, amevalishwa fulana. (Ninayo fulana moja ya namna hiyo. Nilihudhuria semina ya siku mbili juu ya mazingira, nikalipwa posho, na Jumapili iliyofuata nikahubiri uwakili wa uumbaji kwa bidii sana mbele ya watu ambao usiku ule ule walikuwa wamelala juu ya dungu wakipiga madebe.) Lakini fanya hesabu. Mtu wa Frankfurt anayetoa euro hamsini kwa mwaka anatoa katika ziada yake, na Mungu ambariki. Bibi huyu alitoa chakula cha mwaka mzima. Tembo yule aliyelindwa kwa fedha ya Frankfurt alilishwa kwa mahindi ya Njinjo. Sadaka zilikuwa mbili, ila iliyoandikwa ni moja.

Mtu atasema: serikali hulipa. Ndiyo, iko kanuni, na majina yake ni ya kweli kuliko waliyoyatunga wangependa: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kwa kanuni za mwaka 2011, kifo cha mtu kilifutiwa machozi kwa shilingi 1,000,000, na shamba, kwa kiwango cha juu kabisa, shilingi 100,000 kwa ekari, zisizidi ekari tano. Jasho hufutwa, deni halilipwi. Sheria yenyewe haisemi kwamba hii ni fidia. Bibi alijaza fomu. Nilimsaidia kuijaza. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa bado akiisubiri.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi kama mtu wa theolojia. Je, alichopoteza bibi kilikuwa sadaka? Sadaka hutolewa kwa moyo. Mjane wa Marko sura ya 12 alitembea kwa miguu yake hadi kwenye sanduku, na senti mbili zilikuwa mkononi mwake kabla hazijawa za hekalu. Kama mtu angemnyang'anya njiani na kuzitumbukiza yeye, Yesu asingewaita wanafunzi wamsifu mama. Angewaita wamwone mwizi. Luther, katika maelezo yake ya amri ya saba kwenye Katekisimo Ndogo, hakuridhika na kutoiba. Anadai tumsaidie jirani ailinde na kuiongeza mali yake na riziki yake. Kwa kipimo hicho, anayelinda tembo kwa bidii na kuliacha shamba la jirani wazi hajaitimiza amri, hata kama hajachukua gunzi moja.

Na historia inaongeza uzito. Pori hili, ambalo wageni hulisifu kuwa halijaguswa na mkono wa mtu, limeguswa sana. Vita vya Maji Maji vilianzia katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905, kaskazini kidogo tu ya hapa, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba ilimaliza watu wengi kuliko risasi. Selous yenyewe ilipewa jina la mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Katika miaka ya 1940 watu wa upande wa Liwale walihamishwa kwa sababu ya malale, na hifadhi ikapanuliwa juu ya mahame yao. Wazee wa Liwale bado wanajua miembe ya babu zao iko wapi humo ndani. Sisemi turudishiwe miembe. Nasema kwamba familia nyingine za huku zimekuwa zikitoa kwa vizazi vinne, na hazijawahi kuulizwa kama zinatoa.

Mtume Paulo aliendesha mradi wa wahisani. Ndivyo ninavyoisoma 2 Wakorintho sura ya 8 na 9: makanisa ya Makedonia na Akaya yanachanga kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Anachohimiza ni usawa, ziada ya huyu ijaze upungufu wa yule, na kesho iwe kinyume chake. Tena anatuma ndugu waaminifu wafuatane na fedha ili asilaumiwe na mtu. Hakuna mahali anapowaita watu wa Yerusalemu wanufaika. Ni washirika, nao wana kitu walichokwisha kutoa kabla ya senti ya kwanza kuchangwa.

Kwamba jambo hili linawezekana hata katika wilaya yetu, mfano upo. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi kutoka Cambridge walikuja Kilwa kuuchunguza mpingo, mti unaotengenezwa zumari za wazungu. Kutoka hapo likazaliwa shirika la hifadhi ya mpingo, MCDI, lenye makao yake Kilwa. Nalo lilivisaidia vijiji vipimiwe misitu yao kisheria, viilinde vyenyewe na viuze magogo vyenyewe. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi zikapata cheti cha kimataifa cha FSC, na misitu ya vijiji katika Afrika ilikuwa haijapata cheti cha namna hiyo kwa mbao. Zamani gogo la mpingo lilipita kijijini na kuacha vumbi. Sasa kijiji kinakaa mkutano na kubishana fedha iende zahanati au shule. Ugomvi upo, wivu upo, na mkutano mmoja niliouhudhuria nusura uvunjike kwa ajili ya bati. Lakini anayebishania matumizi ya mali anajua ni yake, na mtu wa namna hiyo ndiye awezaye kutoa sadaka.

Tembo si mpingo. Hakai mahali ulipomwacha. Najua. Hata hivyo namwuliza mhisani wa hifadhi, kwa heshima zote, maana nami ni mpokeaji: bati la kanisa letu lilinunuliwa na usharika rafiki ng'ambo, na mvua ya mwaka 2020, Mto Matandu ulipofurika na watu wa huku kupanda mitini, tulishukuru kwa bati hilo. Najua ladha ya kupokea. Ninajua pia kwamba mwaka ule marafiki wale walipoandika kuuliza, "Na ninyi mnatuombea nini?", nilikaa na barua siku mbili. Ilikuwa mara ya kwanza wanatuomba kitu.

Mwaka jana nilipeleka pendekezo katika baraza la wazee. Katika daftari la sikukuu ya mavuno, chini ya fedha taslimu na mazao, tuongeze mstari: kila familia iseme kilicholiwa na wanyama msimu ule, na yenye nia ikitoe kwa Bwana kwa kinywa chake yenyewe, mbele ya usharika, isiyotaka kutoa iseme imeibiwa, nasi tutaisindikiza ofisini na fomu yake. Wazee wawili waliafiki papo hapo. Mhazini akakataa. Mkaguzi wa dayosisi, alisema, atataka stakabadhi, na tembo haandiki stakabadhi. Tulicheka, kisha hatukucheka. Bibi, ambaye si mzee wa kanisa ila alikuwa amekuja kufagia, alisimama mlangoni na ufagio wake akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama mstari huo utakuwa na nafasi ya kuandika magunia tisa.