Bwana Aliwaonyesha Miguu Yake

Masomo ya leo: Kumbukumbu la Torati 8:1–4, Yohana 20:11–18, Luka 24:36–43



Mvua za Johannesburg zimerudi. Kuanzia Oktoba mpaka Machi tunajua siku inavyokwenda hapa: asubuhi jua, mchana joto, alasiri mawingu, ngurumo, na mara nyingine mvua ya mawe. Ikifika Juni na Julai hakuna tone, lakini nyasi zinaamka nyeupe kwa baridi. Jiji letu liko juu sana, karibu mita 1,750 kutoka usawa wa bahari, na anayefanya kazi nje hukutana na hali hizo zote.

Wengi wa hao ni watu wetu. Baba zetu na kaka zetu wengi ni watunza bustani. Wanatoka La Rochelle kungali giza, wanabadilisha teksi mjini, na kukipambazuka wako Bryanston au Randburg. Kwenye mlango wa nyuma wa nyumba wanazofanyia kazi, viatu vya mwenye nyumba vimepangwa: gambuti za mvua, buti ngumu za kusukumia mashine ya kukata majani, raba za siku kavu, ndala za kumwagilia maua jioni. Hatuwalaumu. Anayeijua bustani anajua kwamba kiatu kimoja hakitoshi majira yote. Lakini yule anayechimba mara nyingi ana jozi mbili tu: ya kazini, inayoingiza maji, na ya Jumapili, inayong'aa. Hapa kanisani tunaiona ile inayong'aa peke yake.

Ndiyo maana neno letu leo ni juu ya miguu.

Musa alipowakumbusha Israeli safari ya jangwani, hakutaja mana tu. Alisema pia kwamba kwa miaka 40 miguu yao haikuvimba. Na katika sura ya 29 anataja viatu vyao, kwamba havikuchakaa. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunasoma mstari huo polepole. Mgonjwa akija na miguu iliyovimba, tunauliza juu ya moyo wake, figo zake, kazi yake na chakula chake. Mguu husema habari za mwili mzima. Mungu aliyewahesabu watu wake kwa maelfu alitazama mpaka chini, kwenye nyayo.

Tofautisha na habari za mji huu. Dhahabu ilipatikana hapa mwaka 1886, na wachimbaji waliosimama kwenye maji chini ya ardhi walivaa gambuti ili kazi iendelee. Watu wale wakazipiga gambuti kwa viganja na kuzigeuza ngoma, ambayo Wazulu huiita isicathulo, yaani kiatu. Tajiri alitoa kiatu kwa ajili ya kazi. Mungu alilinda mguu kwa ajili ya mtu mwenyewe. Nabii Amosi naye, sura ya 2, aliwakemea watu waliomuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Basi hata sisi kwa sisi, anayempa ndugu kibarua cha siku amwangalie amevaa nini kabla ya kumpa jembe.

Sasa twende kaburini. Maria Magdalena analia bustanini asubuhi na mapema. Anamwona Yesu amesimama, naye anadhani ni mtunza bustani. Bwana hakuona haya kudhaniwa hivyo. Alimwita Maria kwa jina lake, akampa habari ya kupeleka kwa wengine. Kati yetu wako waliokuwa walimu Bukavu na makarani Bujumbura, na leo wanapogoa waridi za watu wengine. Ndugu yetu, ukiinama na mkasi wako usifikiri umeshuka chini ya heshima. Bwana mfufuka alifananishwa na wewe.

Na jioni ya siku ile ile, Luka anasema, alisimama katikati ya wanafunzi akawaonyesha mikono yake na miguu yake. Angeweza kuwaonyesha utukufu. Aliwaonyesha mahali palipoumizwa, na hapo ndipo walipomtambua.

Sisi tunafanya kinyume. Tunaficha. Kaka amekanyaga msumari, anafunga kitambaa na kuvaa kiatu, kwa sababu akikosa siku moja amekosa hela ya siku hiyo. Baba mwenye sukari hasikii tena maumivu kwenye vidole, kijiwe kinakaa ndani ya buti tangu asubuhi, na anagundua kidonda kwa kuona damu kwenye soksi. Vidole vinaoza kwa unyevu, na mtu anaona haya. Wengine wanaogopa kliniki kwa sababu ya karatasi zao. Tusema wazi: kidonda kidogo cha mguu kwa mtu mwenye sukari kinaweza kuishia kwa kukatwa mguu. Ukikifikisha mapema, kwa kawaida kinatibika.

Na tuache kusema ni laana. Kwetu Rwanda, Uganda na Ethiopia wako watu ambao miguu yao ilivimba mpaka kufanana na gogo, wakatengwa kama waliorogwa. Wataalamu wanauita ugonjwa huo podokoniosi. Huwapata wanaotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkano, na kinga yake ni viatu, maji na sabuni. Mtu alihitaji jozi ya viatu, watu wakampa jina baya.

Basi haya tuyashike juma hili. Jioni osha miguu, kausha katikati ya vidole, itazame kwenye mwanga. Usipoweza kuona nyayo, mwombe mke au mtoto akutazamie. Gambuti zilizolowa zijaze magazeti zikauke, na asubuhi zikung'ute kabla ya kuvaa, maana nge na buibui hupenda giza. Beba soksi za pili. Ukichomwa na msumari, nenda kliniki ukaulizie sindano ya pepopunda. Katiba ya nchi hii, kifungu cha 27, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Na Novemba 2020 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba wafanyakazi wa majumbani nao wana haki ya fidia wakiumia kazini. Watunza bustani wamo humo. Ukiumia, usinyamaze.

Jumapili ijayo baada ya ibada, wauguzi wa kanisa tutakuwa chumba cha nyuma na mabeseni, taulo na dawa za vidonda. Hatutaandika jina la mtu wala kuuliza karatasi. Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu akiwa Bwana na Mwalimu. Sisi ni nani tushindwe? Na mlio na gambuti au buti zilizokaa tu nyumbani, zileteni zikiwa safi, hasa namba 8, 9 na 10. Kiatu kimoja kwako ni cha ziada, kwa mwenzako ni mvua nzima.

Tuombe. Ee Bwana, uliyehesabu hatua za baba zetu jangwani, tazama miguu ya watu wako katika mji huu. Wape wanaotoka alfajiri kurudi salama. Ondoa haya kwa anayeficha kidonda, na uvivu kwetu tunaopita bila kuuliza. Kwa jina la Yesu, aliyetuonyesha miguu yake. Amina.