Bei ya Mwisho Ni Ngapi?

Kuna swali ambalo ni nadra kulisikia kwenye duka la kamera lenye vioo na askari mlangoni: "Bei ya mwisho ni ngapi?" Bei ikibandikwa, imebandikwa. Unalipa kwa M-Pesa, unapewa risiti, unasema asante. Lakini nenda Kariokor, ambako mafundi wa ngozi hushona viatu, mishipi na mikoba, uagize mkanda wa kamera. Fundi hajamaliza kutaja bei na sisi wapiga picha tushaguna. "Eish, boss, hiyo ni noma! Fanya nusu."

Mbona bei ya kampuni kubwa tunaichukua kama hali ya hewa, na ya fundi tunaichukua kama uongo unaosubiri kufichuliwa?

Tuchukulie mkanda wa fundi ni shilingi 2,500 na wa jina kubwa ni 8,000. Hizo 5,500 za juu zinalipia nini? Nyingine zina haki yake. Kuna majaribio ya kamba na vifungo, usafirishaji, ushuru, kodi ya duka, waranti. Kifungo kikiachia, lenzi iliyokugharimu miezi ya kazi inapiga sakafu. Kulipia uhakika si ujinga, na kama fundi hawezi kukuhakikishia kifungo chake, una haki ya kuondoka.

Ila kuna bei ambazo hazina maelezo hayo. Canon ilitoa lenzi yake ya 50mm f/1.8 STM mwaka 2015, mojawapo ya lenzi zake za bei nafuu zaidi. Ile plastiki ya mviringo ya kuzuia mwanga wa pembeni, inayoitwa ES-68, haiji na lenzi. Inauzwa kando. Haina kioo wala umeme ndani yake. Watengenezaji wadogo huuza inayofanana nayo kwa bei ya chini sana, na kivuli ni kivuli. Hapo unalipia nembo, na hakuna anayeguna.

Usikimbilie kusema basi mdogo ndiye mwema na mkubwa ndiye mwizi. Peak Design ya Marekani ilianza na kampeni ya Kickstarter mwaka 2011, ikiuza kishikizo cha kubebea kamera. Mwaka 2021 ilitoa video ya kuidhihaki Amazon kwa kuuza mkoba uliofanana na wake, hadi jina, Everyday Sling, kwa karibu theluthi ya bei. Aliyekuwa rahisi ni lile jitu, na aliyekuwa ghali ni yule aliyekaa chini akabuni. Kwa hivyo bei peke yake haikuambii nani anakandamizwa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi naona mambo yamegeuka kidogo. Wenye majina makubwa ndio wanaojitembeza, kutwa kucha kwenye simu zetu, na mkanda mzuri wa fundi umening'inia kwenye msumari ukisubiri mtu apite. Tukishazoea kuona jina, tunadhani tumeona ubora.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi ndio tunapaswa kulielewa hili kuliko wote. Mteja wa harusi akisikia bei yako anasema, "Lakini binamu yangu ana iPhone." Usiku huo mbogi nzima inalia kwenye WhatsApp kwamba watu hawaheshimu sanaa. Kesho yake mmoja wetu yuko Kariokor akimwambia fundi kwamba hiyo ni ngozi tu na uzi.

Sisemi tununue kwa fundi kwa huruma. Huruma nayo ni dharau iliyovaa vizuri, maana haikuuliza kama kazi ni nzuri. Ninachotaka ni swali moja kwa wote wawili: kitu hiki kimetengenezwaje, kitadumu, na kikikatika nirudi kwa nani? Anayejibu vizuri apewe bei yake, awe na ghorofa au awe na kibanda.

Na kama mfuko umekauka, na mara nyingi umekauka kwa sababu mteja wa mwezi uliopita bado "anatuma kesho," tuseme hivyo. "Sina pesa hiyo" ni ukweli kuhusu mimi. "Haifiki bei hiyo" ni hukumu juu ya kazi ya mtu mwingine. Fundi anaweza kukupunguzia ukimwambia la kwanza, au akakuambia urudi mwisho wa mwezi. Ukimwambia la pili, hata akikuuzia, umeondoka na kitu ambacho hukukilipia.