Je, Twaweza Kumwachia Katekista Peke Yake?

Mzazi akiulizwa, "Nani alimfundisha mtoto wako kusali?" mara nyingi hujibu bila kusita, "Katekista." Katika nyumba nyingi jibu hilo ni la kweli, na kwa sababu ni la kweli, linatupasa kulifikiri. Je, wajibu wa kutangaza Injili waweza kukabidhiwa mtu mwingine, kama vile tunavyomwajiri fundi atujengee nyumba? Au ni wajibu ambao kila mbatizwa hana budi kuutimiza mwenyewe?

Kabla ya kujibu, yafaa tutazame Nyanda za Juu za Kusini, maana huko swali hili liliwahi kuulizwa na historia yenyewe.

Injili ilifika Iringa katika miaka ya machungu. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka mwaka 1894, naye Mkwawa akafa mwaka 1898. Kati ya miaka hiyo miwili Wabenediktini walifika Uhehe, na misioni ya Tosamaganga ikawa mama wa nyingine nyingi. Upande wa Rungwe, Wamoravian na Waluteri wa Berlin walikuwa wametangulia tangu mwaka 1891. Wote hao walikuwa Wajerumani, na wote walifika katika nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Wajerumani. Tusifiche neno hili. Mwenyeji aliyewatazama alikuwa na haki ya kujiuliza kama mtu wa msalaba na mtu wa bunduki walikuwa na bwana mmoja au mabwana wawili.

Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikapanda mpaka milimani. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Iringa, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa katika vituo vyao. Waliokwenda ni Wabenediktini, na ni Waluteri na Wamoravian vilevile. Wamisionari wa Konsolata, watu wa Italia, walifika Iringa mwaka 1919 wakitokea Kenya. Wamoravian walirudi Rungwe katikati ya miaka ya 1920.

Basi, katika kipindi kile cha vita, njaa na magonjwa, Injili ilikuwa mikononi mwa nani? Mapadre wachache wa majirani wasingeweza kufika kila kigango. Walibaki makatekista, walibaki akina mama na wazee wa familia. Wengi wao hawakuwa na miaka ishirini tangu kubatizwa, na majina yao hayakuandikwa vitabuni. Hata hivyo wamisionari wapya walipofika hawakuanza upya kama watu wanaolima pori. Waliwakuta Wakristo.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini mwenyeji aliyepona hana budi kuendelea kuishi mgeni akisha kwenda zake. Jaribu hilo liliwapata Wakatoliki, Waluteri na Wamoravian kwa pamoja, nalo latufundisha kwamba imani iliyodumu ni ile iliyokuwa imekwisha kuingia nyumbani.

Tangu siku hizo Mungu ametujalia mengi. Iringa ilifanywa Prefektura mwaka 1922. Upande wa Mbeya, ambako Mapadre Weupe walifanya kazi, misioni ya Tukuyu iliundwa mwaka 1932. Mwaka 1953 Iringa na Mbeya zote mbili zikawa majimbo kamili. Wakaja maaskofu wazalendo: James Sangu aliyeliongoza Jimbo la Mbeya tangu mwaka 1966, na Mario Mgulunde aliyeliongoza Iringa kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Tabora mwaka 1985. Njombe ikawa jimbo mwaka 1968, Mbeya ikawa jimbo kuu mwaka 2018, na Mafinga ikapata jimbo lake mwaka 2023. Nani asiyemshukuru Mungu kwa mavuno hayo?

Lakini neema huja na kishawishi chake. Padre alipokuwa mbali, baba wa familia alijua kwamba asiposali na watoto wake hakuna mwingine atakayesali nao. Sasa padre yu karibu, masista wapo, na katekista ana orodha ya mafundisho. Baba huyo aona kazi ina wenyewe. Atoa zaka, anunua mtoto nguo ya Komunyo ya Kwanza, akarudi nyumbani akiamini amemaliza.

Huenda msomaji akasema: "Kugawana kazi ni busara. Mimi sikusoma teolojia, nikifundisha nitakosea." Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuidharau. Zipo kazi zinazokabidhika, kama kuezeka kanisa, kueleza mafundisho ya katekisimu na kutunza hesabu za parokia. Sakramenti nazo zina wahudumu wake. Lakini yapo matendo ambayo hayana mwakilishi. Hakuna awezaye kumsamehe jirani yangu kwa niaba yangu. Hakuna awezaye kuwa mkweli kwa niaba yangu ninapopima viazi vya mkulima. Wala katekista hawezi kumwonyesha mwanangu jinsi baba yake anavyopiga magoti. Mambo haya ndiyo Injili yenyewe inapofika nyumbani, nayo hayahitaji teolojia ya chuo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani, na mwaka 1965 ukatoa hati nzima juu ya utume wa walei. Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, alipofika Kampala mwaka 1969, aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao wenyewe ni wamisionari wao. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipochagua Jumuiya Ndogo Ndogo katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walitaka Kanisa likae pale watu wanapoishi. Wakristo wa mwaka 1916 walikuwa wamekwisha kuyatenda hayo bila kuwa na hati yoyote mkononi.

Leo vijana wetu hutoka vijijini wakaenda Mbeya mjini, Makambako au Tunduma kutafuta riziki. Huko hukuta makanisa na huduma za kila namna, vipaza sauti na mikutano ya hadhara. Wengine huhama, nasi twalalamika kwamba wameibiwa. Tusiwatukane ndugu zetu wa madhehebu mengine. Nao walivumilia jaribu lile lile la vita. Heri tujiulize: kijana huyu alipougua katika chumba cha kupanga, nani wa jumuiya yetu alibisha hodi? Kama aliyembishia ni mtu wa kanisa jingine, huyo hakuiba kitu. Aliokota tulichokiacha njiani.

Basi, wazazi wapenzi, msingoje semina. Usiku wa leo, chakula kikiisha kuliwa, iteni watoto msali pamoja, hata kama ni Baba Yetu moja tu. Baba aliyemkosea mkewe mbele ya watoto, amwombe radhi mbele yao hao hao. Na mwenye mtoto aliye mjini, ampigie simu jirani wa parokia ya huko ili kijana atafutwe kwa jina lake.

Katekista apewe heshima yake yote, na msaada pia, maana wengi wao hufanya kazi kubwa kwa malipo madogo. Lakini tusimtwishe mzigo wetu. Siku ya hukumu yeye ataulizwa habari za darasa lake, nasi tutaulizwa habari za nyumba zetu.